Mgomba, Nyasi na Kahawa ya Tata

Tak. Kisha kimya. Tak, tak.

Mpaka leo nikisikia kitu kidogo kigumu kikidondoka kwenye bati, hata kama ni punje ya mahindi tu iliyomponyoka mtu, macho yangu hujifumba yenyewe. Hapo naliona darasa letu la nne, upande wa Muleba, na kuta zake za udongo na madirisha yasiyo na vioo. Mwalimu anapita kati ya madawati na kopo tupu la maziwa, na sisi tunadondosha punje za kahawa humo, moja moja. Picha ya Mfalme wa Uingereza ilikuwa bado ukutani. Mfalme mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, ila picha ya Malkia ilikuwa haijafika kwetu, na nyuma ya fremu mjusi alikuwa amejipatia nyumba.

Mwalimu alisimama, akalitikisa kopo karibu na sikio lake.

"Asubuhi kila mmoja alikuja na kahawa kumi," alisema. "Sasa mnanirudishia mbili, tatu. Nyingine zimekwenda wapi?"

Hatukuweza kujibu, vinywa vilikuwa na kazi.

Kosa lilianza na yeye mwenyewe. Alikuwa kijana mrefu kutoka Rubafu, kule kando ya ziwa, na siku iliyotangulia alikuwa ametuambia tulete kahawa za kuhesabia, kila mtoto kumi. Nadhani alifikiria kahawa mbichi, ile inayoanikwa uani. Lakini kahawa ya uani ilikuwa ya kupimwa kwenye mizani, na hakuna mtoto kwetu aliyethubutu kuigusa, maana baba akitupa jicho tu kwenye mkeka anajua kuku amepita. Kwa hiyo tulichukua ile nyingine, ya wageni. Kila nyumba ya kwetu ina kikapu kidogo chenye mfuniko, na ndani yake kuna kahawa iliyochemshwa na maganda yake pamoja na majani yenye harufu, ikakaushwa. Mgeni akiketi, kabla hajasema shida yake, anafunguliwa kikapu, anachukua mbili tatu, anatafuna. Kahawa ya namna hiyo ikikaa kiganjani mwa Mhaya, mkono unapanda kinywani wenyewe bila kutumwa. Mwalimu alikuwa Mhaya kama sisi. Angejua.

Mimi nilikuwa nimechukua kumi za mwisho zilizobaki kikapuni mwetu, na nilikuwa nimetafuna nane. Moja nilirudisha kwenye kopo, na moja niliificha kwenye pindo la gauni, sijui kwa nini. Labda nilipenda tu kujua kwamba ipo.

Somo lenyewe lilikuwa la mashairi. Mwalimu alikuwa na tabia ya kutunga usiku na kuandika ubaoni asubuhi, chaki ikilia, mgongo wake ukiwa umetupa kivuli juu ya maneno. Siku hiyo aliandika mawili, moja kushoto na moja kulia, na nikayanakili kwenye daftari ambalo bado ninalo, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai.

La kushoto lilikuwa hili:

Mgomba nimesimama, hapa alipo babangu,
Sitoki wala kuhama, nina mizizi ya kwangu,
Mwanangu atasimama, ashike mahali pangu,
Kivuli changu ni chema, nyumba ipo chini yangu.

Na la kulia:

Nyasi nipo kilimani, upepo wanichezesha,
Sina uzio shambani, umande waniamsha,
Mundu ukija shingoni, silii, najikausha,
Nikaingia nyumbani, wageni nawakalisha.

Alitusomea kwa sauti ya kuimba kidogo, kisha akatoa mfukoni kamba mbili za migomba, akazifunga kila moja ikawa duara pana, akazilaza sakafuni. Hakuziweka mbalimbali. Alizipandisha kidogo, moja juu ya nyingine, hata katikati pakatokea nafasi nyembamba yenye umbo la jicho.

"Duara hili ni la mgomba," alisema. "Hili ni la nyasi. Ukiona jambo lililo katika shairi la mgomba peke yake, njoo useme, uweke kahawa huku. La nyasi peke yake, kule. Ukiona jambo ambalo yote mawili yanalo, weka hapa katikati."

Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuondoka. Yaani nilikuwa nimekaa palepale, lakini neno "kilimani" lilikuwa limenichukua mpaka rweyani, ule uwanda wa nyasi ulio juu ya mashamba yetu ya migomba. Ukisimama pale siku yenye upepo, nyasi zote zinalala na kuinuka kwa pamoja, na mbali chini ziwa nalo linafanya hivyohivyo, na huwezi kusema ni nani amemfundisha mwenzake.

"Wewe," mwalimu aliniambia, "rudi darasani."

Watoto walicheka. Nilicheka nao, maana ni kweli nilikuwa nimekwenda mbali.

Wavulana ndio walioanza. Tulikuwa wasichana watano tu katika darasa la watoto thelathini na kitu. Mmoja akasema mgomba una mizizi mirefu, akaweka kahawa. Mwingine akasema mgomba una kivuli, mwingine akasema mgomba unatupa chakula na pombe, nyasi zinatupa nini, kupe tu. Duara la mgomba likajaa, wakaanza kupiga vidole kama watu walioshinda mpira.

"Nani amewauliza kipi ni bora?" mwalimu alisema. "Nimeuliza kinachofanana na kinachotofautiana. Kulinganisha si kushindanisha."

Neno hilo lilikuwa gumu kwetu. Nyumbani vitu viwili vikiwekwa pamoja, ni ili uambiwe kipi cha kuchukua. Ndizi mbili, mbuzi wawili, hata watoto wawili wakiitwa mbele ya wageni, mmoja atatoka amesifiwa na mwingine atatoka anatazama vidole vya miguu. Kwa hiyo kati ya zile kamba mbili, katika lile jicho jembamba, siku hiyo pakabaki kahawa moja tu, ya mtoto aliyesema mashairi yote yana mistari minne. Nyingine ziliishia vinywani. Mwalimu akakusanya zilizobaki, tak, tak, akasema tutaendelea Jumatatu, na atakayetafuna hesabu yake atahesabu kwa meno.

Sasa niseme jambo lililokuwa linanikaa kifuani mwaka ule. Mwalimu alikuwa amemwambia mama kwamba naweza kufanya mtihani wa darasa la nne, na nikishinda niende shule ya bweni ya wasichana upande wa Bukoba. Mama alimwambia tata, ndivyo tunavyomwita baba. Tata hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, "Na nyasi atakata nani?"

Hilo halikuwa swali la mzaha. Nyumba yetu ilikuwa ya msonge, na sakafu yake ilitandikwa nyasi, laini na safi, ambazo hazikai muda mrefu. Zikichoka zinatolewa, mpya zinaletwa. Kuzikata rweyani na kuzibeba ilikuwa kazi ya mama na yangu, kwa kuwa dada yangu mkubwa alikuwa amekwisha kuolewa. Mimi niliipenda kazi hiyo kwa sababu ya upepo. Lakini niliitaka shule ya bweni mpaka nilikuwa naiota. Katika ndoto ilikuwa na ngazi, ingawa sikuwahi kupanda ngazi maishani mwangu.

Jumamosi alikuja mgeni. Alikuwa rafiki wa tata wa tangu ujana, aliyekula naye kiapo cha udugu, na alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nilipiga magoti nikamsalimu, nikapokea fimbo yake. Akaketi kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akapumua. Tata akavuta kikapu, akafungua mfuniko.

Niliona uso wa tata kabla sijaona ndani ya kikapu.

Mgeni alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja. Kikabaki hewani kidogo, kisha akakirudisha kwenye goti taratibu, kama mtu aliyekuwa anafukuza nzi.

"Kahawa yako imeota miguu, ndugu yangu?" alisema.

Tata alinitazama. Mimi nilitazama nyasi.

"Haikuota miguu," tata alisema. "Imebebwa. Naona imekwenda darasa la nne."

Mgeni akacheka mpaka akakohoa. "Basi itarudi na barua ya Kiingereza."

Tata naye alicheka, kwa ajili ya mgeni. Lakini mgeni alipokwisha kuondoka aliniita nje, chini ya migomba, na hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mtu ametoka mbali, ameketi nyumbani kwangu, sikuwa na cha kumpa mkononi. Unajua hilo ni jambo gani?"

"Najua, tata."

"Mlifanya nini na kahawa?"

"Tulikuwa tunalinganisha mashairi."

Nadhani alikuwa analipitisha jibu langu kichwani, huku na huku, akitafuta mahali pa kulishika.

"Jumatatu nitakuja mwenyewe," alisema. "Nikikuta ni mchezo, mtihani hakuna. Utachukua mundu, utamsaidia mama yako."

Jumapili kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa naomba, lakini kwa aibu, maana sikujua kama Mungu anashughulika na kahawa.

Jumatatu tata alikuja kweli. Alivaa kanzu yake nyeupe na koti, kama mtu anayekwenda barazani. Mwalimu alimwona mlangoni akashuka kutoka kwenye kijukwaa chake cha mbao.

"Karibu ndani, mzee."

"Nimekuja kuitazama kahawa yangu," tata alisema.

Watoto wakacheka chini ya madawati, kwa sababu kila mmoja alijua ya kwao nayo ilikuwa humo. Mwalimu akaona haya, nikamwona. Akachukua kopo, akalifungua mbele ya tata, akamnyooshea kwa mikono miwili, kama mwenye nyumba. Tata akatazama ndani, akachukua moja, akaitia mdomoni. Kisha akaketi kwenye benchi la nyuma, fimbo kati ya magoti.

Mashairi yakaandikwa tena, kamba zikalazwa tena. Mwalimu alisoma, na sauti yake siku hiyo haikuimba sana. Tata alikuwa anajua Kiswahili cha sokoni na cha barazani, na nilikuwa na hofu kwamba yale maneno ya kishairi yatampita. Lakini niliposikia fimbo yake inagonga sakafu kidogo kidogo mwishoni mwa kila mstari, nilijua anafuata.

"Tumeona tofauti nyingi," mwalimu alisema. "Sasa nataka ya katikati. Mgomba na nyasi. Vinafanana wapi?"

Mtoto mmoja akasema vyote ni vya kijani. Mwalimu akasema sawa, lakini hilo liko katika shairi? Mwingine akasema vyote viko karibu na nyumba. Mwingine akabisha, rweya iko mbali, yeye hupigwa kwa kuchelewa kutoka huko. Nikasikia tata anajisogeza kwenye benchi, na benchi lile lilikuwa na mlio wa mtu anayetaka kuondoka.

Nikasimama. Sikuwa nimejipanga. Nilipapasa pindo la gauni nikaitoa ile kahawa niliyoificha, nikaenda mpaka kwenye kamba.

"Shairi la nyasi halijaisha," nilisema.

Mwalimu aliinua nyusi. "Halijaisha namna gani?"

"Linaishia wageni wanapoketi. Lakini nyasi zikichoka, tunazitoa nje. Mimi ndiye ninayezitoa, najua. Tunazitandaza chini ya migomba. Zinaoza pale, mgomba unazila. Kwa hiyo..." Hapo nikakwama, kwa sababu nilikuwa nimeliona jambo zima mara moja, kama unavyoiona rweya yote upepo ukipita, na mdomo ulikuwa mmoja. "Kwa hiyo ule mgomba uliosimama, ndani yake kuna nyasi."

Wavulana hawakupiga vidole. Mmoja alisema polepole, "Lakini kuoza si kufanana." Na kabla mwalimu hajajibu, sauti ilitoka nyuma.

"Mtoto huyo amesema vizuri," tata alisema, kwa Kihaya. Katika darasa letu Kihaya kilikuwa na adhabu yake, lakini nani angemwadhibu. "Kuoza si kufanana. Mgomba haujui nyasi. Umesimama wenyewe. Mimi niliukuta, na baba yangu aliukuta."

Alikuwa ananiambia mimi. Nikamjibu kwa Kihaya vilevile, na magoti yangu yalitaka kukunjika yenyewe kwa heshima, nikayaacha yakunjike, nikajibu nikiwa nimepiga magoti kando ya kamba.

"Tata, mwaka ule mama alipougua, hatukukata nyasi. Unakumbuka ndizi zilikuwaje?"

Nilijua anakumbuka. Mikungu ya mwaka ule ilikuwa myembamba, ndizi kama vidole vya mtoto, na tata alikuwa akizunguka kwenye kibanja, shamba letu la migomba, akigusa migomba mmoja mmoja kama mtu anayepima homa. Hakuna aliyetaja nyasi. Ilisemwa kuwa ni mvua.

Tata alitazama ubao. Alitazama lile shairi la kushoto, lile la mizizi na kivuli, kwa muda mrefu kuliko mtu asiyejua kusoma anavyotazama maandishi. Kisha akageuza macho kulia.

"Weka kahawa yako," alisema.

Nikaiweka katikati. Ikajiviringisha kidogo, ikatulia ndani ya lile jicho.

Tata akainuka, akamuaga mwalimu, akaondoka. Mlangoni akageuka, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Mkimaliza, hiyo msiile."

Siku zile zilizofuata hakusema kitu juu ya mtihani. Mimi nilikata nyasi, nikasoma, nikatazama mawingu yakitoka ziwani na kujifanya ngazi. Mama alinong'ona tu, "Mwache. Anatafuna." Na ni kweli, alikuwa na namna ya kutafuna jambo kwa siku nyingi, shavu moja, bila kulitema.

Mtihani ulifanyika kwenye shule nyingine, mwendo wa asubuhi nzima. Siku ile niliamka kabla ya jogoo, nikanawa, nikafunga penseli yangu na kiazi cha kuchemsha ndani ya kitambaa, ingawa hakuna aliyekuwa ameniambia nenda. Nikakaa kwenye nyasi karibu na mlango, nikangoja. Tata alitoka chumbani, akaketi mbele yangu. Akavuta kikapu. Alikuwa amekijaza upya, nilisikia uzito wake kiliposuguana na nyasi.

Akafungua mfuniko, akaninyooshea.

Sikuelewa. Kikapu kile hufunguliwa mgeni, au mtu wa nyumbani anayeanza safari. Mimi sikuwahi kunyooshewa. Nilitazama kahawa, nikamtazama yeye.

"Safari ni ndefu," alisema. "Chukua."

Nilichukua mbili, kwa mikono miwili. Akafunika, akachukua panga lake, akaenda kwenye migomba. Mama akapita na mundu na kamba ya kufungia mzigo. Siku hiyo alikwenda rweyani peke yake. Mgongo wake ulikuwa mdogo nilipomtazama akiondoka, na furaha yangu ikapata kijiwe ndani yake ambacho bado kimo. Nilishinda mtihani ule. Nilikwenda bweni, likizo fupi nikikaa Kibeta, palepale Bukoba, kwa shangazi, na nilifika darasa la sita kabla maumivu ya mgongo wa mama hayajaniita nyumbani. Ngazi niliikuta kweli, ya simenti, hatua tano. Nilizipanda na kuzishuka siku ya kwanza mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepoteza kitu.

Lakini asubuhi ile ya mtihani nyumba ilikuwa tupu, na mimi nilikuwa bado sijaondoka. Karibu na mlango, pale miguu inapopita sana, nyasi zilikuwa zimechoka, zimekuwa kijivu. Niliweka kitambaa changu chini. Nikazikusanya kwa mikono, kifungu kimoja tu, nikatoka nazo nje mpaka kwenye mgomba ulio nyuma ya nyumba, nikazitandaza kuzunguka shina, nikazikanyaga kidogo zisipeperuke. Kisha nikapangusa mikono kwenye gauni, nikatia kahawa moja mdomoni, nikachukua penseli yangu.